Mfarishi wa viraka vya leso: yanayofaa kujulikana kabla ya kukata

Katika nyumba nyingi za Malindi, Watamu na Kilifi kuna kasha la leso kuukuu ambazo hakuna anayethubutu kuzitupa: ya arusi, ya uzazi, ya nyanya aliyekwisha kutangulia. Njia moja ya kuzihifadhi ni kuzikata viraka na kuviunga kuwa mfarishi, kazi inayofanyika nyumbani kwa cherehani ya kawaida au hata kwa mkono. Si jambo geni Pwani. Leso yenyewe, ambayo jina lake limetokana na Kireno, husimuliwa kuwa ilianza karne ya 19 wanawake walipounga vitambaa sita vya mkononi kuwa nguo moja.

Wanaoshona kwa kujifurahisha hupata funzo la kwanza kwenye beseni la kufulia. Kisutu chekundu kilichoungwa na kitambaa cheupe kinaweza kuutia weupe wote rangi ya waridi siku ya kwanza kufuliwa, na kazi ya miezi ikaharibika kwa saa moja. Leso iliyokatwa hairudi tena kuwa leso, kwa hiyo kila kitambaa kifuliwe kabla ya kuguswa na makasi. Sugua pindo kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikishika rangi, endelea kuifua leso hadi maji yatoke safi. Ikikataa, iungwe na vyekundu vitupu. Wengi hutia chumvi. Chumvi humfaa anayetia nguo rangi, lakini haizuii rangi ambayo haikushika tangu mwanzo.

Kufua mapema kuna faida nyingine. Pamba hurudi, yaani hupungua ikifuliwa, lakini poliesta hairudi. Zikichanganywa, mfarishi hukunjamana. Asiyejua aina ya kitambaa achomoe nyuzi mbili azichome nje, juu ya mchanga. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikaacha tone gumu.

Kwenye hesabu ndiko wengi hukwama. Mshono hula robo inchi kila upande wa kiraka. Viraka 10 vya inchi 5 havitoi inchi 50 bali 45 na nusu, na kitanda cha futi 4 kina inchi 48: mfarishi haufiki ukingoni, sembuse kuning'inia. Viraka 12 hutoa 54 na nusu.

Jina la leso nalo lipangiwe mahali mapema. Likikatwa katikati, linaweza kusema jambo ambalo nyanya hakulikusudia kabisa.

Vitabu vya ng'ambo huelekeza kujaza pamba nene ndani. Joto la kaskazi halitaki hayo. Shuka kuukuu inatosha. Matabaka yote matatu yapigwe bandi kwanza, kutoka katikati kwenda pembeni, yasiteleze chini ya sindano. Na wakati wa masika, mfarishi usikunjwe kabla mishono haijakauka kabisa, kwani ukungu huanzia ndani, kwenye tabaka lisiloonekana.