Mzigo Kwanza, Fremu Baadaye: Vidokezo vya Kuchagua Mahali na Kusambaza Bidhaa

Wengi wanaoanza biashara hukimbilia fremu kabla ya kuujua mzigo wao. Dalali anapiga simu, fremu iko barabarani, imepakwa rangi mpya, na kodi ya miezi sita inalipwa siku hiyo hiyo. Mpangilio huo ugeuzwe. Bidhaa ina uzito wake, ina namna yake ya kuharibika, na ina watu wanaoinunua kwa mtindo wao. Hayo ndiyo yanayosema ikae wapi na isafirishwe vipi. Mifano mingi hapa ni ya Tanzania, kwa sababu ndiko njia za mzigo ninakozifahamu vizuri.

1. Pima kinachobaki baada ya kazi.
Tani kumi za miwa hutoa takriban tani moja tu ya sukari. Ndiyo maana viwanda vya Kilombero, Mtibwa na TPC pale Moshi viko katikati ya mashamba: hakuna faida ya kulipia lori libebe maji na makapi mpaka Dar es Salaam. Mkonge umezidi hapo. Katika jani bichi nyuzi ni kama asilimia 4 tu, kwa hiyo mtambo wa kuchakata huwekwa shambani na zinazosafiri ni nyuzi kavu. Bia na soda zinakwenda kinyume. Sehemu yake kubwa ni maji, na maji hayahitaji kusafirishwa kutoka mbali, hivyo kiwanda husogezwa kwa wanywaji. Bia hutengenezwa Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Mbeya.

Mjerumani Alfred Weber aliandika kitabu kizima juu ya hesabu hii mwaka 1909, na bado inamfaa mwenye mtaji mdogo. Unakamua alizeti? Mashine iwe Singida, karibu na mbegu, na hakikisha kuna wafugaji wa kununua mashudu. Unatengeneza masofa? Kaa mjini. Mbao na sponji husafiri zimebanwa, lakini seti chache za masofa hujaza Canter nzima, nawe unalipia nafasi tupu.

2. Jiulize kama mteja wako hulinganisha au huchota tu.
Kariakoo maduka ya vitambaa yamebanana mtaa mmoja, na hakuna anayehama kwa kumwogopa jirani. Mnunuzi anayetoka Lubumbashi, Lusaka au Moroni anataka kuona aina nyingi, apige bei kwa mmoja, aende kwa wa pili, kisha arudi. Ukijitenga Mbezi na vitambaa vyako, hakufikirii. Ni hivyo hivyo kwa vipuri vya magari Gerezani na fanicha Keko: umati wa wauzaji ndio unaomleta mnunuzi.

Lakini sukari ya robo, sabuni ya kipande na vocha hazilinganishwi. Mtu hutuma mtoto kwa Mangi, mwenye duka wa karibu, basi. Duka la tatu kwenye mtaa huo halileti mteja mpya hata mmoja, linawagawa waliopo. Hapo tafuta mtaa ambao mtoto bado anatembea mbali.

3. Hesabu miguu, na uhesabu kwa saa.
Barabara yenye magari mengi inaweza kuwa haina mteja. Kaa mbele ya fremu kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2, urudi mchana, kisha urudi tena saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Andika wanaopita kwa miguu, wanaosimama, na mikono iliyobeba kitu. Angalia sana upande wa barabara. Asubuhi watu wanakimbilia usafiri na hawanunui mchele. Jioni wanashuka na pesa, na hununua upande wanaoshukia. Mitaro mipana, ukingo wa chuma katikati ya barabara au kivuko kilicho mbali vinatosha kukukatia nusu ya wateja.

Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilijengewa wauzaji wa barabarani kwa nia njema na kwa saruji nyingi, lakini vizimba vya juu vilikaa miaka vikikosa wafanyabiashara. Wateja walikuwa wakinunua chini, njiani kwao. Muuzaji wa barabarani anaujua ukweli huu vizuri kuliko wapangaji wengi wa miji, na inauma kuona anahamishwa bila mtu kumuuliza wateja wake wanapita wapi.

4. Jumlisha kila kitu kinachoitwa "kodi ya fremu".
Kuna malipo ya dalali, mara nyingi ya mwezi mmoja. Kuna kilemba cha anayekuachia, hasa Kariakoo. Kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo kisheria hukatwa kwenye pango la mwenye nyumba, ila mikataba mingi humrudishia mpangaji mzigo huo. Isome kabla hujasaini. Na ukifungua tawi, kila eneo linahitaji leseni yake.

5. Kinachooza kiwe na ratiba kabla hakijavunwa.
Mwaka 1826 Mjerumani mwingine, von Thünen, alieleza kwa nini maziwa na mboga hukaa karibu na mji huku nafaka ikienda mbali. Tazama mchicha unaolimwa kwenye mabonde ya Dar es Salaam, halafu tazama mahindi yanayotoka Kibaigwa. Nafaka inangoja bei. Mchicha haungoji hata jua la saa nne.

Nyanya ziko katikati, nazo ndizo hutesa watu. Kutoka Ilula mpaka soko la Ilala ni zaidi ya kilomita 400. Za safari hiyo zichumwe zikiwa zimeanza kugeuka rangi, zipakiwe jioni, na zifike alfajiri wachuuzi wakiwa wamejaa. Tenga la mti huchubua nyanya za pembeni na kuponda za chini. Kreti za plastiki ni ghali, lakini hupangwa juu kwa juu bila kulaliana na hutumika msimu baada ya msimu. Na usikubali lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Ni kinyume cha sheria ya vipimo, na anayeumia ni mkulima anayelipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu.

6. Nunua safari ya kurudi.
Malori yanayopeleka shehena Zambia na Kongo hurudi bandarini Dar es Salaam na shaba, maana gari tupu linakula mafuta bila kulipwa. Gari linaloshusha saruji mkoani nalo linatafuta cha kurudi nacho. Mpigie dereva au wakala kabla halijageuza, utapewa bei ambayo hutaipata ukikodi gari kutoka mjini. Kumbuka mizani tu: kwa Afrika Mashariki kikomo cha gari kubwa kabisa, pamoja na mzigo, ni tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake. Mzigo mdogo? Buti la basi linatosha.

7. Mtaani, peleka kidogo na mara nyingi.
Lori halipiti vichochoro vya Manzese, na Mangi hana mtaji wa kununua kreti 20 za soda kwa mpigo. Coca-Cola ililitambua hilo Afrika Mashariki ikaweka maghala madogo mitaani, na mikokoteni ikamalizia safari. Wewe unaweza kufanya vivyo hivyo kwa chumba kimoja na guta moja. Gawa maeneo kwa siku: Jumatatu Tandika, Jumanne Mbagala, bila kubadilisha, ili mwenye duka aweke pesa yako pembeni kabla hujafika. Kwenye mali kauli, yaani mzigo unaolipwa baadaye, weka kanuni moja na uwaambie wote: mzigo mpya hushushwa wa zamani ukishalipwa. Daftari la madeni libebwe na anayeendesha guta, kila deni liandikwe mbele ya mwenye duka, naye atie sahihi papo hapo.