Mbuzi wa bandani: chakula chao kipo hapa hapa Ilagala

Ndugu mfugaji, nikipita kaya za Ilagala swali ni lile lile: "Bwana mifugo, malisho yamebana, mbuzi niwapeleke wapi?" Wengi huwashusha kingo za Malagarasi. Majani ni mabichi kweli, lakini kwenye majimaji kuna konokono wanaobeba vimelea vya minyoo bapa wa ini. Mbuzi akila majani yale anameza vimelea. Baadaye anakonda, anavimba chini ya taya, mwisho anakufa. Na akipita shamba la jirani, basi kesi kwa mtendaji.

Ushauri wangu: fuga wachache, bandani, kwa chakula ulichonacho.

1. Banda. Inua sakafu karibu mita 1 kwa mbao au mianzi. Acha nafasi za sentimita 1.5 ili kinyesi kidondoke bila mguu kunasa. Lisiwe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu hapo.

2. Chakula. Maganda ya mihogo usiyatupe, ila usiwape mabichi, hasa ya mihogo michungu, kwani yana sumu ya sianidi. Yakate madogo, yaanike juani mpaka yakauke kabisa. Hayo yanatoa nguvu tu. Ya kujenga mwili ni mashudu ya mise na majani ya lukina. Lukina isizidi theluthi moja ya chakula cha siku, ikizidi inadhuru. Majani mengine yawe mengi, na maji safi yasikosekane.

3. Dume. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, kwa hiyo watoto wanakua upesi. Badilishana dume na mwenzako kabla hajawapanda mabinti zake.

4. Minyoo. Siyo kila dawa ya minyoo inaua minyoo bapa. Uliza kwanza, ndo ununue.

5. Samadi. Ikusanye chini ya banda, irundike, ifunike mpaka ioze, halafu izungushie michikichi na uweke shamba la mihogo. Mihogo ikistawi, maganda yanarudi bandani.

Majike 3 wenye afya watakulipia ada ya mtoto kuliko 10 wanaozurura mtoni. Anza na hao, ukikwama nione ofisini.