Vidokezo 7 vya taima kwa mtandao unaosuasua

Buigiri ipo wilayani Chamwino, kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro. Mtu akiangalia salio huko kwa programu yako, ombi lake linaweza kupita mnara wa simu, mkongo hadi Dar es Salaam, kisha chini ya bahari hadi seva ya Ulaya, na jibu lirudi njia yote hiyo. Pa kukwama ni pengi. Maktaba za mtandao zina taima za kila namna, ila hakuna hata moja inayojua aliyeshika simu anaweza kuvumilia hadi lini. Hilo uamue wewe, kabla hujaandika mstari wa kwanza.

1. Ukomo mmoja kwa kazi nzima. Wengi huweka sekunde 10 kwa kila hatua na kulala usingizi. Kutafuta anwani 10, kuunganisha 10, kupeana funguo za usimbaji 10, kusoma jibu 10: tayari sekunde 40. Jaribu mara tatu, dakika mbili zimekwenda. Na hiyo ni hesabu ya mwenye bahati! Kwenye Python, settimeout ya soketi huhesabu kila usomaji peke yake, kwa hiyo seva inayodondosha baiti moja kila baada ya sekunde 9 itakuweka mpaka kesho bila taima kulia. Dawa yake ni kupiga hesabu mara moja tu mwanzoni, "sasa hivi jumlisha sekunde 15", kisha kila hatua itumie kilichobaki. Go wana context.WithTimeout kwa kazi hiyo. Python wana asyncio.timeout tangu toleo la 3.11.

2. Usiiachie Linux ikuamulie. Kwa mipangilio ya kawaida, hurudia ombi la kuunganisha mara kadhaa na kukata tamaa baada ya zaidi kidogo ya dakika mbili. Muunganisho uliokaa kimya nao, hata ukiwasha ukaguzi wa TCP, husubiri sekunde 7,200 ndipo uulizwe kama upande wa pili bado upo. Ni muda wa kutoka Buigiri kwa basi, kufika Dodoma mjini na kunywa chai.

3. Pima muda kwa saa isiyorudi nyuma. Saa ya ukutani ya kompyuta husogezwa: na mtandao, na fundi, na mwenye simu aliyebadilisha tarehe kwa mkono. Mwaka 2017 ulipoanza, dunia iliongezewa sekunde moja; kwetu ilikuwa inakaribia saa 9 usiku wa kuamkia Januari 1. Programu ya DNS ya Cloudflare iliyoandikwa kwa Go ikaona muda umerudi nyuma, hesabu ikatoa namba hasi, na baadhi ya maulizo ya DNS yakashindikana. Agosti mwaka huohuo toleo la Go 1.9 likaja na kipimo kisichorudi nyuma ndani ya time.Now. Kwenye Python tumia time.monotonic, kwenye C++ steady_clock. Saa ya ukutani ibaki kwa risiti.

4. Taima uliyoifuta inaweza kulia bado. Hapa ndipo hitilafu za ajabu huzaliwa. Kwenye Boost.Asio, maktaba ya mtandao ya C++, ukiita expires_after kwa taima inayosubiriwa, kusubiri kwa zamani hufutwa na kitendaji chake huitwa kwa kosa la operation_aborted. Safi. Lakini kama muda ulikuwa umeshatimia na kitendaji kimeshaingia foleni, hakifutiki tena: kitaitwa bila kosa lolote, na kama kazi yake ni kufunga soketi, kitaifunga hata kama jibu limeshafika. Ndani ya kitendaji, linganisha kwanza expiry na muda wa sasa. Kama ukomo umesogezwa mbele, kiondoke kimyakimya. Kwa Go tahadhari ni nyingine: SetDeadline huweka saa kamili, na saa hiyo haisogei yenyewe. Usipoisukuma mbele, muunganisho mzima kabisa utakataa kusoma.

5. Ukirudia, chelewa kwa bahati nasibu. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ikasumbua Afrika Mashariki. Laini ikirudi baada ya kisa kama hicho, simu zote zikibisha hodi kwa sekunde moja seva inalala tena. Ongeza subira maradufu kila mara, na ndani yake changanya muda wa kubahatisha. Kwa malipo, kumbuka kwamba ukomo kupita hakumaanishi muamala umeshindikana, kunamaanisha hujui. Simu itunge namba ya muamala kabla ya jaribio la kwanza na irudie kwa namba hiyohiyo, mteja asikatwe mara mbili.

6. Kuna taima ya mashine, na kuna ya mtu. Buigiri kuna shule ya msingi ya wasioona. Anayetumia kisoma skrini husikiliza ukurasa kipande kwa kipande, na kisanduku cha namba ya siri kinachojifunga baada ya sekunde 30 kinaweza kumfungia akiwa bado anatafuta kitufe. Mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG, kipengele 2.2.1, unaruhusu njia kadhaa: mtumiaji aweze kuuzima ukomo, au kuurefusha hadi angalau mara kumi, au aonywe na apewe walau sekunde 20 za kuongeza muda kwa kitendo chepesi. Onyo lenyewe lisomeke kwa sauti. Rangi nyekundu inayomemeta haimsaidii.

7. Jaribu kwenye mtandao mbovu wa kujitengenezea. Wi-Fi ya ofisini inadanganya. Kwenye Linux, amri ya tc pamoja na netem hukuwezesha kuchelewesha pakiti milisekunde 400 na kupoteza asilimia 5. Washa, kisha fanya malipo ya majaribio ukiwa umefumba macho na kisoma skrini kinasoma.