Hidaya Yenye Roho: Nasaha kwa Aila za Kilosa na Mikumi

Katika Wilaya ya Kilosa, tangu bonde la Mto Mkondoa hadi Mikumi iliyo kando ya barabara kuu iendayo Iringa, ni ada njema ya wazee kumkabidhi mtoto kuku au mbuzi wa kwake mwenyewe, ili ajifunze mapema kutunza mali na kumhurumia kiumbe asiyeweza kusema. Wala kijitabu hiki hakikusudii kuitangua ada hiyo. Lililotusukuma kukiandika ni kwamba hidaya ya namna hii, itolewapo kwa pupa katika shamrashamra za Idi au Krismasi, bighairi ya mzazi kufikiri mnyama atalala wapi, atachanjwa lini na nani atamwangalia furaha ya siku ile ikishapoa, huweza kuingiza nyumbani maradhi ambayo tahadhari ndogo ingaliyazuia.

Mtoto wa mbwa

Wakulima wengi hufuga mbwa wa kulinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe pori, na mbwa azaapo, watoto wake hugawiwa jamaa na majirani, nao huwapa watoto wao wachezee. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa katika maradhi yote yatokayo kwa wanyama hakuna ya kuhofiwa kuliko kichaa cha mbwa, ambayo dalili zake zikishadhihiri kwa mgonjwa, tabibu hana tena la kumwokolea. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na kwamba katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Virusi vyake hukaa katika mate, kwa hiyo si meno tu yaambukizayo: ulimi ukilamba goti lililochubuka watosha. Na mtoto ampendaye mbwa wake aghalabu huficha mkwaruzo, akihofu kuchapwa au kunyang'anywa rafiki yake. Mzazi na amwambie mapema, kwa upole, kwamba kusema hakutamletea adhabu.

Kuanzia 2010 serikali yetu, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani, iliendesha kampeni ya kuchanja mbwa kusini-mashariki mwa nchi na kisiwani Pemba, maana mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maradhi hukosa njia ya kuenea. Lakini mbwa huzaa kila mwaka, na kinga ya mama haimtoshi mwana. Kila mtoto wa mbwa ahitaji chanjo yake mwenyewe, na dawa ya minyoo pia, kwani mayai ya minyoo yake hubaki katika mchanga wa uwanja ambamo watoto hucheza.

Kifaranga

Kifaranga ni laini na mtoto hapendi kumwachia: humbusu mdomo, humfungia ndani ya shati, humlaza kitandani, kisha kwa mikono ile ile hula ugali. Kuku mzima wa afya huweza kubeba bakteria wa salmonela katika kinyesi na manyoya, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 5 huleta homa na kuharisha kukali. Kifaranga na alale bandani, asiingie jikoni. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila mtoto amshikapo.

Wanyama wa porini

Wakazi wa Mikumi ni majirani wa Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa 1964, na ngedere mchanga aliyepotewa na mamaye huonekana kuwa tunu ya ajabu kwa mtoto. Tusidanganyike: akikua atang'ata, naye pia aweza kupata kichaa, fauka ya hayo, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 yakataza kumkamata bila kibali.

Mtoto aking'atwa au akikwaruzwa

1. Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yatiririkayo na sabuni, muda wa dakika 15 kamili. Usipake majivu, majani wala mafuta.
2. Mpeleke zahanati au hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, wala msingoje kuona kama mbwa atakufa.
3. Akianzishiwa chanjo, arudi kwa kila tarehe aliyoandikiwa, ijapokuwa jeraha limekwisha kupona.
4. Mbwa akiweza kufungwa kwa salama, afungwe, na afisa mifugo aarifiwe amchunguze kwa siku 10.

Chanjo ya wanadamu si jambo geni: Louis Pasteur aliitumia huko Ufaransa mwaka 1885 kumtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi hadi utu uzima. Faida yake, hata hivyo, humfikia tu yule anayewahi.

Neno kwa wazazi

Mnyama apewaye mtoto ni amana ya mzazi, kwa maana mtoto hana fedha ya chanjo wala akili ya kutambua maradhi. Asiyeweza kuibeba amana hiyo na ampe mwanawe kanzu, gauni au daftari. Na ninyi mlio na mbwa na paka nyumbani tayari, tafadhali wapelekeni kwa afisa mifugo wakachanjwe kabla ya sikukuu ijayo.