Duara la Kisima: Faida ya Nguvu na Thamani Yake

Ndugu zetu Waislamu, darsa yetu ya leo ni juu ya duara, yaani gogo lenye mkono wa kulizungusha na kamba ya kulizonga. Mabaharia wetu walilitumia kung'olea nanga. Sisi twalitaka kwa kuteka maji.

Na tukadirie nyumba moja mtaa wa Elgon View, mjini Eldoret, yenye kisima cha kina cha mita 12 na ndoo ya lita 20. Maji hayo yana uzito wa kilo 20. Bibi mzee atakaye kutawadha alfajiri, akivuta kwa kamba tupu, hubeba kilo 20 zote. Tukimtundikia kapi moja juu ya kisima, atavuta kwa kuelekea chini, na hilo lina raha yake; lakini uzito ni ule ule.

Sasa na tumtilie duara. Gogo liwe na upana wa sentimita 20, basi toka katikati hata ukingoni ni 10. Mkono uwe na urefu wa sentimita 40 toka hapo katikati. Gawanya 40 kwa 10, wapata 4. Nguvu za kuinua kilo 5 zatosha kuinua kilo 20. Hii ndiyo faida ya nguvu.

Je, kilo 15 zimekwenda wapi? Hapana uchawi hapo. Ndoo ipandapo mita 1, mkono huzunguka mita 4; hata ndoo ifike juu, mkono umekwenda mita 48. Zidisha 20 kwa 12, wapata 240. Zidisha 5 kwa 48, ni 240 vile vile. Kazi haikupungua, illa imetandazwa ipate kuwezekana. Msuguano nao hudai haki yake, ndipo pa kutia grisi.

Mambo mawili yapasa kuangaliwa. Kwanza, kamba ikijizonga juu ya kamba, gogo huwa kama limenenepa na faida hupungua. Pili, mkono ukiponyoka ndoo ikiwa juu, hurudi kwa kasi na waweza kumvunja mtoto. Basi na utiwe kizuizi.

Wako wasemao kwamba elimu hii ni ya Wazungu, haina nafasi madrasani. Twawajibu: kitabu cha Heron wa Alexandria juu ya mitambo hii kimehifadhika kwa Kiarabu, kwa tafsiri ya Qusta bin Luqa, Mkristo wa Baalbek, katika karne ya 9. Na al-Jazari alimaliza mwaka 1206 kitabu chake chenye mitambo ya kupandisha maji. Imam Ghazali naye amezihisabu hesabu na kazi za mikono zenye kuhitajiwa na watu kuwa ni fardhi kifaya: wasipokuwapo wa kuzitenda, dhambi ni ya wote.

Basi tujiulize: visima vya misikiti yetu vingapi vingali na kamba tupu, na wazee wanaumia migongo? Gogo, chuma cha mkono na nguzo mbili si mali nyingi. Atakayeviweka amejiwekea sadaka yenye kuendelea, na atakayemfundisha mwanawe hesabu yake amefanya zaidi.

Wabillahi taufiq.