Dondoo muhimu: M5 au E63 S, ipi inakalika?
Usiridhike na mzunguko mfupi wa majaribio kwenye lami mpya. Huko kila gari ni zulia. BMW M5 F90 imekalia springi za chuma, Mercedes-AMG E63 S W213 mifuko ya hewa, lakini hewa si dhamana ya ulaini: E63 S ni ngumu kuliko E-Class za kawaida. Kwanza pima upepo wa matairi yakiwa baridi. Hakikisha rimu za magari yote mawili zinalingana kwa ukubwa, maana tairi la inchi 20 lina ubavu mwembamba kuliko la 19, na kila kiraka kitakufikia mgongoni. Weka shokabsoba kwenye hali laini, pita barabara mbovu polepole. Kisha mwachie mwenzako usukani, wewe kaa nyuma. Wauzaji wengi hawakupeleki kwenye barabara hiyo mbovu.