Ukitafsiri Swali, Umetunga Swali Jipya

Ukifika msimu wa ripoti za utafiti, utawaona wenzetu wa mwaka wa tatu wakihangaika kutafuta dodoso. Mmoja anataka kupima sonona kwa walimu, mwingine kwa madereva wa bodaboda pale stendi, mwingine kwa wakulima wa kahawa huko mlimani. Wengi wanaishia njia moja: wanapakua dodoso la Kiingereza mtandaoni, wanaligeuza Kiswahili usiku mmoja, asubuhi wanaingia fildi. Makala hii ni yao, na ya yeyote ambaye siku moja atakabidhiwa karatasi ya namna hiyo aijaze, hasa akiwa mwanaume.

Mimi nasoma elimu, si udaktari. Lakini kwenye somo letu la upimaji tunafundishwa kwamba mtihani mzuri una sifa mbili. Ya kwanza ni uthabiti: ukimpima mtu yule yule leo na keshokutwa, na yeye hajabadilika, majibu yasipishane sana. Ya pili ni uhalali: mtihani upime kile unachodai kupima. Chukua mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili, yuko kidato cha kwanza, anapewa swali la hesabu kwa Kiingereza. Hesabu anaijua, swali halielewi, anapata sifuri. Umepima Kiingereza, ukaandika "hesabu" kwenye ripoti yake.

Dodoso la sonona nalo ni mtihani, ila lina hatari moja ya ziada. Darasani asiyeelewa swali anafeli, na sisi walimu tunamwona. Kwenye dodoso, asiyeelewa swali mara nyingi anajibu "hapana", anapewa sifuri, na hapo sifuri maana yake ni mzima. Anaambiwa ahsante, anarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Dodoso lenyewe likoje

Linalotumika sana ni PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na Wamarekani Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams. Lina maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, umakini, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kwa kawaida mtu akifikisha 10 anapelekwa kwa mtaalamu akazungumze naye.

Ni rahisi, halina gharama, linajazwa kwa dakika chache. Ndiyo maana limeenea. Limepimwa magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na VVU, utafiti ukachapishwa mwaka 2009. Hapa Tanzania utafiti wa kulipima kwa Kiswahili ulichapishwa mwaka 2019. Kwa hiyo sisemi ni dodoso baya. Nasema tafsiri uliyoifanya wewe usiku mmoja hostel haijapimwa na mtu yeyote.

Maneno matatu yanayoteleza

Tuanze na majibu yenyewe. Jibu lenye alama 2 kwa Kiingereza linasema dalili imekupata zaidi ya nusu ya zile siku. Wengi tungeandika "zaidi ya nusu ya siku". Sasa jaribu kulisoma kama mtu asiyejua Kiingereza chake. "Siku" haibadiliki kwa umoja wala wingi. Mtu anaweza kuelewa kwamba unamuuliza kama hali ile hudumu zaidi ya saa sita mchana. Aliyelala vibaya siku kumi kati ya kumi na nne anaweza kusema "hapana, si nusu ya siku, ni usiku tu". Kosa hilo moja liko kwenye maswali yote tisa. Ukiandika "zaidi ya siku saba katika wiki hizi mbili", limekwisha.

La pili ni mifano. Swali la saba linauliza kuhusu umakini, kwa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Likizo nikiwa nyumbani Mkuu, nilimsomea babu swali hilo neno kwa neno. Akacheka. "Mjukuu wangu, gazeti mimi naliona nikinunua nyama." Nikabadilisha: ukiwa kanisani padri anahubiri, au ukihesabu hela za kahawa, akili inatulia pale pale au inahama? "Hapo sasa umeniuliza," akasema, akajibu kwa kirefu. Na tukumbuke kwamba wazee wengi wa Rombo, Marangu au Machame walijifunza Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani. Hata Kiswahili safi kwao kinaweza kuwa tafsiri ya pili.

La tatu ni jina la ugonjwa na hisia zake. "Sonona" tunalijua darasani. Sokoni Mbuyuni ukimuuliza mtu kama ana sonona atadhani unamtukana. "Msongo wa mawazo" unaeleweka, lakini unabeba kila kitu, kuanzia ada hadi mkopo. "Nina mawazo" inaweza kuwa ugonjwa, inaweza kuwa bumu limechelewa. Na dodoso jingine linalotumika sana, la Hopkins lenye maswali 25, lina swali linalotumia rangi ya bluu kwa maana ya huzuni. Kwetu bluu ni rangi tu.

Hata Uchina walikutana na hili

Mwaka 1980 daktari wa Marekani, Arthur Kleinman, alifanya utafiti hospitalini katika jimbo la Hunan, Uchina. Aliwachunguza wagonjwa 100 waliokuwa wameambiwa wana udhaifu wa neva. Walilalamika kuhusu kichwa, usingizi, kizunguzungu, uchovu. Alipowahoji kwa undani, 87 kati yao walikuwa na sonona kali kwa vigezo vya Kimarekani. Walikuwa wakiusema ugonjwa kwa lugha ya mwili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha iliyokuwa inasikilizwa bila mtu kuaibika.

Sasa jiulize ni mara ngapi umemsikia mjomba au baba mdogo akisema "nina huzuni". Utasikia kichwa kinauma, mwili hauna nguvu, usingizi hauji. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Dar es Salaam uliolinganisha wagonjwa wa vituo vya afya na wale wa waganga wa jadi. Matatizo ya kawaida ya akili, yakiwemo ya sonona na wasiwasi, yalikutwa kwa asilimia 24 ya wale wa vituo vya afya na asilimia 48 ya wale wa waganga. Watu hawa wanatafuta msaada. Wanapita mlango mwingine kwa sababu huko lugha yao inaeleweka.

Na mwanaume je?

Baadhi ya kazi za mwanzo na nzuri za kupima madodoso haya kwa Kiswahili zilifanywa na Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake. Mwaka 2002 walichapisha matokeo ya kulipima dodoso la Hopkins kwa wajawazito wanaoishi na VVU. Mwaka 2008 wakachapisha kuhusu dodoso la maswali 19 lililotungwa hapa hapa nchini. Ni kazi ya kujivunia. Lakini huwezi kuchukua kilichothibitishwa kwa wajawazito ukakibeba hivi hivi hadi kwa dereva wa bodaboda wa kiume.

Dodoso la Hopkins linauliza kama unalia kwa urahisi. Mwanaume aliyelelewa kwa "jikaze kisabuni" atajibu nini, tena mbele ya mhojaji ambaye ni binti wa miaka ishirini na mbili kama mimi? PHQ-9 haina swali la pombe wala la hasira. Wakati huku kwetu, mwanaume aliyezidiwa utamkuta kilabuni kwenye mbege tangu saa nne asubuhi, au atakuwa anagombana na kila mtu nyumbani. Si kila mnywaji ana sonona, lakini ukiacha kuuliza hutajua. Dodoso la AUDIT la maswali kumi kuhusu pombe lilishafanyiwa kazi kwa Kiswahili hapa hapa KCMC, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018.

Halafu kuna swali la tisa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na Katiba yao. Kuwaza si kujaribu, na kuwaza si kosa. Ila mtu aliyeshikiwa karatasi na mgeni hana uhakika na hilo, anaandika sifuri. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Wale tunaowahitaji zaidi waseme ukweli ndio wenye sababu nyingi za kuuficha.

Kwa anayekwenda fildi

Kwanza, tafuta kama ipo tafsiri iliyokwisha kupimwa nchini. Ikiwepo, tumia hiyo, usiibadilishe kimya kimya.

Pili, kama ni lazima utafsiri, watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, mtu wa tatu ambaye hajaona Kiingereza airudishe. Lakini usiridhike hapo. "Zaidi ya nusu ya siku" itarudi kwenye Kiingereza safi kabisa, na kosa litabaki ndani.

Tatu, kaa na watu kumi wa aina ile ile utakayowapima, wanaume wakiwemo, uwaulize: "Swali hili kwako lina maana gani?" Ni hatua ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo tunayoiruka.

Nne, usiite alama ugonjwa. Tuseme kati ya wanaume 100, kumi wana sonona. Dodoso linawanasa wanane kati ya hao kumi, na linawashika kimakosa 18 kati ya wazima 90. Jumla ni 26 waliofikisha alama, wagonjwa kweli ni wanane. Ukiandika kwenye ripoti kwamba asilimia 26 wana sonona, umeongeza zaidi ya mara mbili. Dodoso linasema nani azungumze na mtaalamu; mtaalamu ndiye anayesema kama ni sonona.

Tano, kabla hujauliza swali la tisa, jua utampeleka wapi atakayesema ndiyo. Ongea mapema na hospitali au kituo cha afya cha eneo lako, uwe na jina la mtu na namba ya simu mfukoni, umwambie msimamizi wako. Kama huna pa kumpeleka, usimuulize.

Na wewe kaka unayesoma hapa, ambaye huwa unajaza sifuri tisa ili karatasi iishe: usingizi ukikukimbia wiki mbili na mpira wenyewe huna hamu nao tena, hiyo inatosha kwenda kuzungumza na mtu. Huhitaji kujua neno sonona. Sema kichwa kinauma, sema umechoka. Anayejua kazi yake atakuuliza yaliyobaki.